Magadi Mara Mbili

Wacera alipopewa ukubwa wa jikoni, kitu cha kwanza kupoteza kilikuwa jina lake. Kwa miaka kumi na tisa wapishi wenzake walimwita Mama Ken. Siku alipofika na aproni ya buluu badala ya nyeupe, Kabura alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye gambuti, akasema, "Habari ya asubuhi, Madam." Wengine wakacheka. Tangu siku hiyo akawa Madam, na Madam jikoni ni mtu wa kuogopwa ama wa kuchekwa. Hakuna cha katikati.

Shule yenyewe iko juu ya mji wa Nyeri, kule ambako mashamba ya chai yanakaribia msitu na baridi ya Julai inaingia mpaka kwenye meno. Wasichana mia saba wanalala hapo. Wapishi ni sita, na wa saba ni Ndungu, anayepasua kuni na kuchochea moto. Mkubwa wao wa zamani, mzee Gicheru, alistaafu akiwa na goti moja tu linalokunja. Siku ya kuaga alimshika Wacera mkono, akamwambia, "Mkubwa wa jiko haketi. Ukiketi, watu wanakuketia." Wacera akalimeza neno hilo zima zima, bila kutafuna. Hakujiuliza lile goti lingine lilienda wapi.

Kabura alikuwa ameutaka ukubwa huo, na hakuficha. Walianza kazi mwaka mmoja, wakala sahani moja, wakasaidiana kuzika na kuozesha. Sasa mmoja alikuwa na aproni ya buluu na mwingine hana. Mtu anayesema jambo kama hilo halichomi, basi hajawahi kufanya kazi na watu.

Jikoni hapo palikuwa na desturi yenye umri mkubwa kuliko sufuria. Mtu akitia chumvi, anapaza sauti: "Chumvi imeingia!" Na wote walioko, hata aliyeinama anachambua maharagwe, wanajibu: "Imeingia!" Akitia mafuta, hivyo hivyo. Akitia magadi, hivyo hivyo tena. Si wimbo wala maombi. Ni kwamba sufuria ya kulisha watu mia saba ni pana kama beseni la kunyweshea ng'ombe, moshi ukijaa humwoni mwenzako, na usiposikia, hujui. Magadi hasa hayana mchezo. Yale mawe meupe, kidogo tu yanalainisha maharagwe mpaka yanakuwa kama siagi. Yakizidi, githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, inakuwa na ladha ya sabuni na tumbo linafunguka kama mfereji.

Wiki ya kwanza ya ukubwa wake Wacera aliita, "Chumvi imeingia!" Ndungu peke yake akajibu, tena kutoka nje, na yeye hata si mpishi.

"Ndungu," Kabura akamwambia kwa upole wa sumu, "siku hizi wewe ni mwangwi wa Madam?"

Siku iliyofuata Ndungu naye akanyamaza. Wacera akaita, na kilichojibu ni kuni zikipasuka. Kuita wenzako wote ukajibiwa na moto ni aibu inayouma kushinda tusi, kwa sababu tusi unaweza kulirudisha. Alivumilia siku nne. Jumanne ya wiki ya pili akatia chumvi midomo ikiwa imefungwa. Wengine walipoona mkubwa ameacha, nao wakaacha. Jiko likawa kimya kama makaburini.

Kwa kuwa sasa hakuambiwa kitu, Wacera akaanza kufanya kila kitu. Alionja kila sufuria. Aliwasha moto kabla Ndungu hajafika, akasonga ugali huku wanawake wenye mikono mikubwa kuliko yake wakimtazama. Alikimbia stoo, akarudi, akakimbia tena. Chai yake ya saa nne aliimimina, akaiweka juu ya gunia la mchele wa Wang'uru, na jioni akaikuta hapo hapo ikiwa na ngozi juu. Sketi zikaanza kumzunguka kiunoni. Usingizi ukawa wa kuazima. Na mdomo wake, ambao haujawahi kuwa na asali nyingi, ukawa pilipili tupu.

Halmashauri ya shule iliwahi kumpeleka kwenye semina ya siku moja, yeye pamoja na mkubwa wa walinzi na wa wafagiaji, kwenye hoteli moja mjini. Mtu mmoja kutoka Nairobi, aliyevaa viatu vyenye ncha, aliwafundisha jinsi kiongozi anavyojijenga asivunjike. Akawaambia wavute pumzi ndefu kabla ya kujibu mtu. Wacera akawaza, huyu hajasimama mbele ya jiko la kuni. Ukivuta pumzi ndefu pale, utakohoa mpaka saa sita. Akapewa chupa ya maji na cheti. Mume wake, Ngatia, alikibandika ukutani kando ya kalenda ya kiwanda cha chai, na huko ndiko kilikofanya kazi yake yote.

Halafu ikaja Alhamisi ile.

Alhamisi ni siku ya githeri. Mahindi na maharagwe yalipanda motoni saa kumi alfajiri, na maharagwe yalikuwa ya zamani, magumu kama kokoto. Saa kumi na moja Kabura, ambaye sufuria ilikuwa zamu yake, alitia magadi kama alivyozoea. Hakuita. Wacera alikuwa stoo akipima maziwa ya chai. Saa kumi na mbili akarudi, akabonyeza haragwe, likakataa. Akajaza ngumi yake magadi, akarusha ndani, akakoroga. Naye hakuita. Kabura alikuwa hatua tano kutoka hapo, upande wa pili wa moshi, akimenya vitunguu.

Saa saba sahani zilirudi zimejaa. Lynn, kiranja wa ukumbi wa kulia, msichana wa kidato cha tatu asiyejua kuzunguka maneno, alisimama mlangoni mwa jiko.

"Madam, wanasema githeri imefuliwa."

"Imefuliwa namna gani?"

"Na sabuni, Madam. Inatoa povu."

Wacera akaonja. Kweli, haikuhitaji ila kusuuzwa na kuanikwa. Wasichana wenye njaa sana walikuwa wamekula hivyo hivyo, na kufikia saa kumi jioni arobaini na watatu walikuwa kwa nesi, wakipokezana choo. Hakuna aliyelazwa. Kesho yake walikuwa wanacheka, wakihesabiana safari. Lakini wazazi walikuwa wamepiga simu, na mzazi akipiga simu shuleni, haulizi githeri ilipikwaje. Anauliza nani.

Jikoni Wacera alimkuta Kabura akikwangua sufuria.

"Uliweka magadi?"

"Niliweka saa kumi na moja, kama miaka yote. Na wewe?"

"Mbona hukuniambia?"

Kabura akaacha kukwangua, akashika kiuno. "Nikuambie? Ati nikuambie! Wewe uliniambia? Wewe siku hizi unatembea hapa kama jaji, unafunua, unaonja, unafunika. Hakuna mtu anaambiwa kitu. Nilijuaje una mkono kwa sufuria yangu?"

"Sufuria yako? Nani mkubwa hapa?"

"Hiyo ndiyo ujiulize, Madam."

Wengine waliangalia sakafu. Sakafu ya jikoni ile haikuwa na kitu cha kuangalia.

Ijumaa, mwalimu mkuu, Bi Nduta, alimwita Wacera ofisini. Bi Nduta ni mwanamke mfupi anayeongea polepole, na watu huogopa zaidi anapoongea polepole zaidi. "Jumatatu saa nne," alisema, "uniletee jina. Aliyeharibu chakula cha watoto ataenda nyumbani kwake. Na usiniambie ni moshi."

Kwa hiyo Wacera aliteremka kwenda kwake Jumamosi akiwa na mambo mawili tu mkononi. Amtaje Kabura, ambaye kweli aliweka, na ambaye ana binti kidato cha pili na mwingine chuoni. Ama aache kazi, avue aproni, waone watapika nini. La pili lilimpendeza zaidi, kwa sababu lilikuwa na mapumziko ndani yake.

Ngatia alikuwa kibarazani akinoa panga la kupogolea chai.

"Nitaacha," Wacera akamwambia, hata kabla ya kuketi. "Nimechoka. Wacha nipumzike kabla sijaingia kaburini."

"Sawa. Utakuwa unanipikia mimi peke yangu. Nitanenepa bure."

"Ngatia, mimi sitanii. Ama nimtaje Kabura, yaishe."

"Kabura aliweka magadi?"

"Aliweka."

Ngatia akajaribu makali ya panga kwa kidole. "Na wewe?"

Wacera akachukua mundu na ukanda wa ngozi, akatoka kwenda kukatia ng'ombe majani. Kuna maswali ambayo mtu hujibu vizuri akiwa ameinama.

Alikata mzigo mkubwa, kwa hasira. Akaufunga, akauegemeza, akavuta ukanda kwenye paji la uso, akainuka nao mgongoni kama alivyofanya tangu akiwa na miaka tisa. Njia ya kurudi inapanda. Mbele yake alikuwa mke mdogo wa Waweru, jirani yao, msichana aliyeolewa Aprili, naye ana mzigo wa majani. Kwenye kona msichana alichoka, akachuchumaa, akauweka mzigo chini katikati ya barabara. Alipotaka kuinuka, mzigo ulimrudisha. Akajaribu tena, akashindwa, akaketi akacheka kwa aibu.

"Nani alikufunza kutua chini?" Wacera akamfokea. "Ukitua chini tambarare, utainuliwa na nani? Kwani umekuja na wanaume wanne?"

"Nilikuwa nimechoka, Mama Ken."

"Kila mtu anachoka. Unaona pale?" Akamwonyesha kwa kidevu ukingo wa udongo kando ya njia, uliokuwa laini na wenye shimo kwa mizigo ya wanawake wa miaka mingi. "Unaegemeza pale, ukiwa umesimama. Mzigo unabebwa na ukingo, wewe unapumua, ukanda unabaki kichwani. Halafu unaenda. Na unapumzika hapo hata kama hujachoka, kwa sababu ukingo mwingine uko mbali. Usingoje mpaka magoti yakuambie."

Akamwinua yule msichana kwa mkono mmoja. Kisha yeye mwenyewe akaegemeza mzigo wake ukingoni, akasimama hapo, mzigo ukibebwa na udongo, Mlima Kenya ukiwa umejifunika wingu kama mama mwenye mafua. Akapumua. Na akiwa hapo maneno yake mwenyewe yakamrudia, yakampiga kofi. Jikoni alikuwa hajawahi kuegemea popote. Alibeba kutwa nzima bila ukingo, na sasa alitaka kutua katikati ya barabara na kusema amepumzika.

"Mama Ken, unasema nini?" msichana akauliza.

"Nasema twende. Ng'ombe haitangoja."

Jumatatu saa nne alisimama mbele ya meza ya Bi Nduta.

"Jina," alisema mwalimu mkuu.

"Wacera."

"Nilikuuliza aliyetia magadi."

"Walitia wawili, Madam. Mmoja ni mimi. Yule mwingine alitia kwa zamu yake, na hakufanya kosa. Tulikuwa na desturi ya kuitana na mimi niliiacha, kwa sababu walikuwa hawanijibu na mimi nikaona aibu. Jikoni ikinyamaza, hiyo ni kazi yangu."

Bi Nduta akazungusha kalamu. "Unajua nikiandika hivyo, barua inakaa kwa faili yako."

"Andika. Ukubwa ni jaa, Madam. Takataka ni lazima zitupwe mahali."

Mwalimu mkuu hakucheka, lakini kalamu ilisimama. Akaandika barua ya onyo, Wacera akatia sahihi. Halafu Bi Nduta akasema, polepole sana, "Chakula kikirudi jikoni tena mara moja tu, muhula huu, unavua aproni ya buluu. Nitampa Kabura."

Wacera angeweza kuificha hiyo. Watu wengi wangeificha. Yeye alirudi jikoni, akagonga sufuria tupu kwa mwiko mpaka wote wakageuka, akasema kila kitu, cha barua na cha aproni. "Kwa hivyo githeri ikirudi tena muhula huu, Kabura ndiye mkubwa. Mjue wote, asije mtu akasikia kwa mlinzi."

Macho yote yakamgeukia Kabura. Kabura akaendelea kukata sukuma wiki, lakini kisu kilipunguza mwendo.

"Ulinitaja?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nilisema tulitia wawili. Jina nilitoa langu."

Kabura hakusema asante. Alikata sukuma ile ikawa nyembamba kama uzi.

Asubuhi yake Wacera alitia chumvi kwenye uji. "Chumvi imeingia!" akaita. Kimya. Akatia mafuta kwenye maharagwe. "Mafuta yameingia!" Kimya. Safari hii hakuacha. Aliita kama mtu anayefagia uwanja wake, majani yaanguke yasianguke. Siku ya tatu Sophie, mpishi mdogo kuliko wote, aliguna kitu karibu na jibu, akaonekana, akajifanya anakohoa. Siku ya tano Ndungu alijibu kutoka nje, kwa nguvu, na Kabura alipomtazama, akamtazama naye.

Tena kukawa na jambo jingine. Saa nne kamili Wacera alitoka na kikombe chake, akapindua kreti la mkate nyuma ya jiko, pale penye ukuta unaopata jua, akaketi. Dakika kumi. Mgongo ukutani, macho kwenye miti, bila kuonja kitu, bila kumwita mtu. Siku ya kwanza mikono ilimwasha kwa kutaka kurudi ndani. Alisikia kifuniko kikianguka, akakaa. Alisikia mtu akiuliza kama sukuma inatosha na mwingine akijibu, akakaa. Wakati mwingine aliogopa sana kiasi cha kumeza chai bila kuisikia ladha. Lakini alikaa.

"Madam ameanza kulala kazini," Kabura akasema, kwa sauti ya kufika nje.

"Sijalala," Wacera akajibu akiwa huko huko. "Nimeegemea."

Alhamisi mbili zikapita, githeri ikaliwa. Wacera aliweka magadi kwa mkono wake mwenyewe siku hizo, akaita, akazunguka sufuria kama kuku mwenye vifaranga. Alijua hivyo havitafika mbali. Muhula una wiki nyingi na yeye ana mikono miwili.

Alhamisi ya tatu sufuria ilikuwa zamu ya Kabura. Alfajiri Wacera akamwambia mbele ya watu, "Leo sufuria ni yako. Magadi, chumvi, yote. Mimi sitagusa mpaka uniambie." Sophie akaacha mdomo wazi. Hata Ndungu alisahau gogo mkononi. Ilikuwa kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba yako akijua akiichoma atapewa kiwanja.

Magadi yakaingia saa kumi na moja. Kabura hakuita kwa sauti, ila alipita karibu na Wacera, akasema chini chini, "Ya asubuhi nimeweka," akaendelea. Wacera akajibu, "Nimesikia." Ilikuwa kitu kidogo. Haikuwa ile yenyewe.

Saa nne ikafika. Maharagwe yalikuwa yameiva, vitunguu vilikuwa vinakaangwa kando, na chumvi ilikuwa bado. Wacera aliitazama ile sufuria, akautazama mlango. Kila siku, tangu apewe ukubwa, ni yeye aliyekuwa akionja chumvi mwisho, na kuongeza kama haitoshi. Kila mtu humo ndani alilijua hilo. Kabura alilijua kuliko wote. Mtu akitia chumvi sasa, anyamaze, na mkono wa Madam usahau ahadi ya alfajiri, uongeze, basi sahani mia saba zitarudi, na jioni aproni itabadilisha kiuno. Hakuna atakayeweza kuapa ni nani.

Wacera akachukua kikombe, akatoka, akaketi kwenye kreti.

Jua lilikuwa dhaifu. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na mlio wa mwiko, kisha mlio ukakoma. Akasikia mfuko wa chumvi ukifunguliwa, ile sauti ya karatasi ngumu. Akasikia chumvi. Mtu akipika miaka kumi na tisa, anasikia chumvi ikiingia. Halafu kimya, kirefu, kirefu, na Wacera akaubana mgongo wake ukutani, akakataa kuinuka.

"Chumvi imeingia!"

Ilikuwa sauti ya Kabura, yote, ile ambayo zamani ilikuwa inafika mpaka mabwenini.

Jiko zima likawa kama limeshikwa shati. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kujibu.

"Chumvi imeingia, nimesema! Kwani nimezungukwa na viziwi?" Kabura akafoka. "Mkitaka mnipe ukubwa, mnipe kwa kitu kingine. Mimi sitaki kuitwa Madam kwa githeri ya chumvi mara mbili." Kisha akatoa kichwa mlangoni, uso umejaa jasho, mwiko mkononi kama rungu, akatazama kwenye kreti. "Na wewe, Mama Ken! Umesikia, ama umelala?"

"Imeingia," Wacera akasema.

"Sisikii!"

"Imeingia!"

Na ndani wakaipokea, Sophie, wengine wote, Ndungu akiwa kwenye kuni: "Imeingia!" Kabura akaguna, akarudi kwenye sufuria yake.

Dakika nne zilikuwa zimebaki. Wacera alizimaliza, kwa sababu chai ilikuwa bado ya moto.